Kwa nini ua la Krismasi hugoma kuwa jekundu tena?

Mwezi Julai, ukipita mitaa ya Mbeya au Songea, au ukivuka mpaka hadi Lusaka na Harare, unaweza kukuta kichaka kimeegemea ukuta wa nyumba, kirefu kuliko mtu, kimeiva wekundu kila ncha ya tawi. Hakuna anayekimwagilia kwa ratiba wala kukitilia mbolea. Mmea huohuo, ukiwa kwenye chungu kidogo kilichofungwa karatasi ya kumeta, ndio unaouzwa London, Toronto na Berlin kila Desemba, na siku hizi hata kwenye vitalu vya Nairobi na Dar es Salaam. Ikifika Februari umepukutisha majani. Mwenye subira akiutunza unachipua, unanawiri, unajaa majani ya kijani mpaka wageni wanausifia. Krismasi inayofuata inakuja na kupita, na mmea hauonyeshi hata doa jekundu.

Hapo ndipo ushauri unapomiminika. Tia mbolea ya maua. Tia maji ya sukari. Achana nao, ni mmea wa msimu mmoja, nunua mwingine. Wapo hata wanaodai kwamba wauzaji huupiga dawa usichanue tena ili turudi dukani kila mwaka. Hilo la dawa lina chembe ya ukweli na nitalifikia, lakini silo linalozuia wekundu. Mmea haujazeeka na wala hauna njaa. Umekosa giza.

Kwanza tuelewane tunazungumzia mmea gani. Ni poinsetia, ambayo wataalamu huiita Euphorbia pulcherrima. Wengi tunaiita ua la Krismasi, ila tusiichanganye na mkrismasi, ule mti mkubwa wenye asili ya Madagaska unaowaka mwekundu kando ya barabara zetu mwishoni mwa mwaka. Huo una ratiba yake na haukai kwenye chungu. Poinsetia ni ya Meksiko, na porini huko hukua hadi mita tatu na zaidi. Waazteki waliijua kwa jina la cuetlaxochitl, na Wameksiko wa leo huiita Nochebuena, yaani mkesha wa Krismasi, kwa sababu kwao hukolea rangi wakati huohuo bila kulazimishwa. Jina la poinsetia lilitokana na Joel Poinsett, mwanadiplomasia wa kwanza wa Marekani kukaa Meksiko katika miaka ya 1820, ambaye alituma miche nyumbani kwake Carolina Kusini. Karne iliyofuata familia ya Ecke, wakulima wa California, ndiyo iliyoifanya kuwa pambo la sikukuu kwa kuisukuma sokoni na kuipeleka bure kwenye studio za televisheni. Biashara hiyo ilifanikiwa kiasi kwamba leo watu wanaiona poinsetia bila kichaka, bila Meksiko, bila mwezi mwingine wowote ila Desemba.

Jambo la pili la kuliweka sawa: ile sehemu nyekundu si petali. Ni majani. Chungulia katikati utaona vipunje vidogo vya kijani na manjano, na hivyo ndivyo maua yenyewe. Majani yanayovizunguka hubadilika rangi ili kuwaita wadudu na ndege, maana vipunje peke yake visingeonekana na yeyote. Kwa hiyo tunaposema poinsetia "imechanua" tunataja mambo mawili kwa pamoja: vichipukizi vya maua vimeumbika kwenye ncha, na majani ya jirani yamegeuka. Mambo yote mawili yanangoja amri moja, na amri hiyo hutoka kwenye urefu wa usiku.

Hili lina historia ya kuvutia. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard, walichapisha majibu ya fumbo la tumbaku aina ya Maryland Mammoth, iliyokuwa ikirefuka kiangazi kizima bila kutoa ua. Walijaribu joto, maji na rutuba wasipate kitu. Walipoiingiza kwenye kibanda chenye giza kila alasiri, kuifupishia mchana, ikachanua. Wakahitimisha kwamba mimea husoma urefu wa siku, na tangu hapo vitabu vikazoea kusema "mimea ya siku fupi". Mwaka 1938 watafiti wengine, Hamner na Bonner, waligundua kwamba jina hilo limegeuza mambo. Waliuacha mchana ukiwa mfupi vilevile, ila katikati ya usiku mrefu wakawasha taa kwa muda mfupi tu. Mmea wao wa majaribio haukuchanua. Walipofanya kinyume, wakakatiza mchana kwa giza kidogo, haukujali. Kumbe kinachohesabiwa ni usiku, na sharti usiwe na tundu.

Anayefunga Ramadhani ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa biolojia. Ukifunga tangu alfajiri, ukanywa maji saa kumi alasiri kwa makusudi, huwezi kusema nimefunga saa kumi na moja kati ya kumi na tatu, nihesabieni. Siku hiyo imeharibika, anza upya kesho. Ndivyo poinsetia inavyoutazama usiku. Giza la saa saba, kisha mtu akaingia sebuleni kuwasha taa na kutafuta chaja, kisha giza la saa nyingine saba, si usiku wa saa kumi na nne. Ni usiku miwili mifupi, na hakuna uliotosha. Tofauti ni kwamba mfungaji akila kwa kusahau funga yake husalimika. Poinsetia haina udhuru huo.

Saa ya kuhesabia giza imo ndani ya majani. Humo mna protini iitwayo fitokromu, ambayo mwanga huibadilisha umbo na giza hulirudisha polepole. Mmea huutumia mgeuko huo, pamoja na mwendo wake wa ndani wa saa ishirini na nne, kupima usiku. Usiku ukiwa mrefu vya kutosha siku baada ya siku, majani hutuma ujumbe wa kikemikali kwenye ncha za matawi: acheni kutengeneza majani, tengenezeni maua. Ndiyo maana mmea uliopukutika hauwezi kuchanua vizuri hata ukiupa giza la kaburi, kwani mpimaji mwenyewe hayupo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo ushauri wa mtandaoni unapotupotosha sisi wa Afrika Mashariki. Poinsetia huanza kuumba maua usiku unapokaribia saa kumi na mbili za giza mfululizo. London, usiku wa Juni haufiki hata saa nane, na wa Desemba hufika saa kumi na sita. Kuanzia mwisho wa Septemba mmea ulioko huko unapata usiku wa kutosha, na kwa vile rangi huchukua wiki nane hadi kumi kukamilika, wekundu unaangukia Desemba. Ni bahati ya kalenda tu, na wafanyabiashara wameitumia vizuri.

Shuka hadi Dar es Salaam. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo mambo yamepinduka. Usiku mrefu kuliko wote ni wa Juni, kama saa kumi na mbili na robo, na wa Desemba ni kama saa kumi na moja na nusu. Halafu kuna joto. Poinsetia huchelewa au hukataa kabisa kuumba maua usiku unapozidi nyuzi 23 hivi, na Dar ya Desemba haishuki hapo kirahisi. Weka hayo mawili pamoja: Desemba ya pwani ina usiku mfupi na joto la kukesha na feni, Julai ina usiku mrefu na upepo wa kusi. Mmea unaofuata akili yake Dar, na zaidi Songea ambako tofauti ya misimu ni kubwa zaidi, utakuwa mwekundu katikati ya mwaka. Haujakosea mwezi.

Nairobi ni kesi ngumu zaidi. Iko karibu mno na ikweta, na tofauti kati ya usiku wake mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote ni karibu dakika kumi tu. Mmea unabaki umesimama mlangoni, hauingii wala hautoki, na jambo dogo linaweza kuamua: ubaridi wa Julai, kivuli cha ukuta, au taa ya ulinzi. Hiyo taa ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiona kichaka cha poinsetia chekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, tafuta taa iliko. Mgao wa umeme umelalamikiwa na kila mtu nchini, lakini nadhani poinsetia za getini hazina neno nao.

Wanaolijua hili kwa vitendo ni wafanyakazi wa mashamba ya maua. Sehemu kubwa ya poinsetia zinazouzwa Ulaya huanza maisha kama vipando visivyo na mizizi vilivyokatwa Kenya, Uganda na Ethiopia katikati ya mwaka, vikasafirishwa kwa ndege, vikaoteshwa huko na kukuzwa hadi Novemba. Mama mmea anayekatwa vipando hatakiwi kuchanua hata kidogo, maana tawi lenye ua halifai kuoteshwa. Kwa hiyo kwenye mabanda ya mimea ya namna hii taa huwashwa usiku wa manane, saa nne hadi saa nane hivi, ili kuuvunja usiku. Shambani taa huwashwa ili mmea usichanue. Sebuleni tunaziwasha vilevile kila jioni, kisha tunashangaa.

Kwa aliye Ulaya au Amerika Kaskazini, mwaka wa poinsetia huenda hivi. Ukiinunua, itoe ile karatasi ya kumeta au itoboe chini, kwa sababu hutega maji na kuozesha mizizi. Mimea mingi hufa kwa hilo kuliko kwa kiu. Iweke dirishani penye mwanga, mwagilia pale udongo unapokauka juu. Aprili ikate, ubakize mashina ya sentimita 10 hadi 15. Itatoa utomvu mweupe, basi vaa glavu au nawa mikono. Mwezi Mei au Juni ihamishie chungu kikubwa kidogo chenye udongo unaopitisha maji, anza mbolea ya kawaida kila wiki mbili, na usiku ukipata joto la kutosha unaweza kuitoa kibarazani kwenye kivuli chepesi. Machipukizi yakirefuka, kata ncha ili yagawanyike. Fanya hivyo mara moja au mbili, lakini ikifika mwanzo wa Septemba weka mkasi chini.

Kisha giza. Kuanzia mwisho wa Septemba au tarehe mosi Oktoba, saa kumi na moja jioni ifunike au iingize kabatini, itoe saa moja asubuhi. Hizo ni saa kumi na nne, zenye akiba ya kutosha. Boksi kubwa lisilo na matundu linafaa kuliko mfuko wa plastiki, ambao hubana jasho na kuleta ukungu. Mchana ipate jua la dirishani, kadiri liwavyo kali ndivyo bora. Watu wengi hukosea hapa: wamesikia "giza", wakaufungia mmea kabatini mwezi mzima, wakaufungulia mifupa mitupu. Mchana ndio unaolisha, usiku unatoa amri tu. Halijoto ya usiku ikiwa kati ya nyuzi 16 na 20 ni nzuri. Ukisahau siku moja usikate tamaa, umechelewa kidogo. Ukisahau mara kwa mara, basi umeahirisha hadi mwaka kesho. Rangi ikishakolea, na vipunje vya katikati vikaonekana, hakuna haja ya kuendelea kufunika.

Kuna njia ya mvivu, nami naipendelea. Kama una chumba kisichotumika, hakina taa ya barabarani dirishani, na hakuna anayeingia usiku, weka mmea humo tangu Septemba na uuache. Usiku wa asili utafanya kazi yote. Mbalamwezi haidhuru, ni hafifu mno. Mwanga wa chini ya mlango unaotosha kusomea ndio wa kuzibwa.

Je, aliye Dar au Mombasa anayetaka wekundu wa Krismasi? Inawezekana kwa boksi lilelile na saa zilezile, tangu mwisho wa Septemba, kwa sharti mmea ulale penye ubaridi kuliko pote nyumbani, sakafuni kwenye vigae na si juu ya kabati. Usiufunike juani saa kumi na moja, ndani ya boksi kutakuwa tanuri. Arusha, Lushoto, Nairobi na Limuru kazi ni nyepesi zaidi kwa sababu usiku ni wa baridi. Ila kwa pwani, maoni yangu ni kwamba mtu anajitesa. Upande ardhini, mbali na taa, uachie upate wekundu wa Julai. Cha kuzingatia ni mkasi: kichaka cha kusini ya ikweta kikatwe baada ya rangi kuisha, Septemba hivi, na upunguzaji wa mwisho uwe kabla ya Machi kwisha. Mtunza bustani anayesawazisha kichaka Mei anakata maua yote ya Julai, kisha mwenye nyumba anaulaumu udongo.

Turudi kwenye lile la dawa. Ni kweli poinsetia za dukani hupulizwa dawa, lakini ya kuzuia urefu, ili zibaki fupi na zijae kwenye chungu. Nguvu yake huisha baada ya miezi, na hivyo mmea wako wa mwaka wa pili utakuwa mrefu, wenye nafasi kati ya majani. Huo ndio mwili wake halisi. Lipo na lingine la ajabu zaidi: mwaka 1997 watafiti wa Marekani walithibitisha kwamba poinsetia za kibiashara hutoa matawi mengi kwa sababu zimeambukizwa fitoplazma, vijidudu jamaa ya bakteria vinavyoishi ndani ya utomvu. Mmea usio na maambukizi hayo hupanda juu kwa matawi machache. Yaani uzuri tunaoulipia dukani nusu yake ni ugonjwa, na wakulima wanautunza makusudi.

Mbolea haihesabu usiku. Nitrojeni nyingi itakupa majani makubwa ya kijani, basi. Sukari kwenye maji itakupa sisimizi.

Sumu? Hofu hii imeenea, na asili yake ni kisa cha mwaka 1919 huko Hawaii cha mtoto aliyedaiwa kufa kwa kula jani. Hakikuthibitishwa kamwe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1996 ulipitia zaidi ya taarifa 22,000 za watu waliogusa au kula poinsetia nchini Marekani: hapakuwa na kifo hata kimoja, na zaidi ya asilimia 90 hawakupata dalili yoyote. Utomvu unaweza kuwasha ngozi, hasa kwa wenye mzio wa mpira, na paka akitafuna anaweza kutapika. Nadhani kwetu hofu inatokana na ndugu yake, mnyaa wa kwenye ua, ambao maziwa yake yakiingia jichoni ni safari ya hospitali. Huo uogope hasa. Poinsetia iweke tu mbali na mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Adui wa kweli ndani ya nyumba ni nzi weupe. Geuza majani kila wiki uangalie upande wa chini. Ukiwaona mapema, osha kwa maji yenye sabuni kidogo, urudie baada ya siku kadhaa, kwa sababu mayai hayaoshiki mara moja.

Mwisho, usiitumie hesabu hii kwa kila ua linalouzwa Desemba. Kakitasi ya Krismasi, ile yenye matawi bapa yanayoning'inia, hufuata usiku mrefu pia, lakini asili yake ni milima yenye ukungu ya kusini-mashariki mwa Brazili, na baridi ya nyuzi 10 hadi 15 usiku inaweza kuichanusha hata bila giza la ziada. Amarilisi yenye kitunguu haijali usiku kabisa: iache iote majani na kujilisha miezi mingi, kisha inyime maji wiki nane hadi kumi mahali pakavu na baridi kiasi, halafu ianzishie maji tena. Boksi halina kazi kwake.